Mali bila Daftari

Mwananchi wa Mkokotoni haonani na Serikali katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, wala hakutani nayo katika maofisi makubwa ya mjini Unguja. Yeye huonana nayo kwa sheha. Akitaka barua ya kumtambulisha, huenda kwa sheha. Akigombana na jirani yake juu ya mpaka wa kiwanja, huenda kwa sheha. Akitaka kupiga ngoma ya arusi, akitaka kusafirisha ng'ombe wake, akipokea mgeni atakayekaa siku nyingi, mlango anaoubisha ni huo huo mmoja. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama utawala wa nchi ni mwema au si mwema, asianze kuuliza huko juu. Aanze kuuliza huku chini, barazani, mahali ambapo mvuvi na mkulima hukaa wakingoja jina lao liitwe.

Leo twapenda kusema neno moja tu juu ya shehia, nalo ni hili: hesabu ya kila senti iliyochangwa na wananchi, au iliyoletwa kwa jina lao, isomwe mbele yao kwa sauti si chini ya mara mbili kwa mwaka, na baada ya kusomwa ibandikwe mahali ambapo kila mpita njia anaweza kuiona. Wazee wetu walikwisha kulisema jambo hili zamani, kwa maneno machache kuliko yetu: mali bila daftari hupotea bila habari.

Twatoa mfano wa Mkokotoni kwa sababu Mkokotoni si mahali padogo katika mambo ya nchi hii. Ni makao ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, mkoa ambao katika sensa ya mwaka 2022 ulihesabiwa kuwa na watu 257,290, hali miaka kumi kabla yake ulikuwa na watu 187,455. Ni bandari ya kuvukia kwenda kisiwa cha Tumbatu, na kila kunapokucha vyombo hupishana katika mkondo ule, vikipakia wanafunzi, wagonjwa, samaki na magunia ya unga. Kaskazini yake ziko Nungwi na Kendwa, na upande wa mashariki iko Matemwe, pwani ambazo wageni hutoka nchi za mbali kuja kuziona. Zanzibar yote ilipokea wageni zaidi ya 600,000 katika mwaka 2023, na sehemu kubwa kati yao hawaondoki bila kukanyaga mchanga wa kaskazini. Barabara ya lami itokayo Bububu, ikapita Mahonda hata Mkokotoni, imeufanya mji uwe karibu na shamba.

Basi katika eneo hilo moja mna utajiri na mna uhitaji, vyakaa bega kwa bega. Mna hoteli zenye taa usiku kucha, na mna chumba cha darasa kilichofika usawa wa linta kikangoja bati. Hatusemi haya ili kumchochea mtu amchukie mwenziwe. Twasema kwa sababu fedha zinapopita karibu na watu kwa wingi, na watu hao hawaambiwi zimekuja ngapi na zimekwenda wapi, shaka huingia moyoni. Na shaka ikiisha kuingia, hapana tena mtu atakayetoa mchango wake kwa radhi.

Wako wanaodhani kwamba utawala wa kijiji ni jambo lililoletwa na wageni. Hilo si kweli. Yaqut, mwandishi Mwarabu aliyekufa mwaka 1229, alikwisha kuitaja Tumbatu katika kitabu chake, na magofu ya Makutani kisiwani humo yashuhudia kuwa palikuwa na mji wenye misikiti na majumba ya mawe. Mji wa namna hiyo hauwezi kusimama bila ya watu wa kuamua mambo. Baadaye Watumbatu walikuwa na sheha wao, kama vile Wahadimu walivyokuwa na Mwinyi Mkuu aliyekaa Dunga. Na katika vijiji vya kusini na mashariki mwa kisiwa hiki palikuwa na wazee waliojulikana kwa jina la watu wanne. Hao ndio walioangalia mambo ya ardhi ya mji, wakakubali au wakamkataa mgeni aliyetaka kupanda, na wakasuluhisha ugomvi. Nguvu yao haikutoka katika karatasi. Ilitoka katika kujulikana: kila mtu aliwajua, aliujua ukoo wao, na alijua walichokiamua jana. Mambo yao yalifanywa mchana, watu wakitazama.

Utawala wa Kiingereza, baada ya mwaka 1890, haukuwaondoa masheha. Uliwatia chini ya mamudiri, na masheha hao wakawa macho na mikono ya Serikali huko mashamba. Lakini jambo moja liligeuka. Sheha ambaye zamani alikuwa akiwajibu watu wake, sasa alimjibu aliye juu yake. Hapo ndipo ilipoanza tabia ambayo hadi leo haijatutoka kabisa, ya kudhani kuwa mkubwa wa kijiji anapaswa kutoa habari upande mmoja tu, upande wa juu.

Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Katika miaka iliyofuata, matawi ya Afro-Shirazi Party yalibeba sehemu kubwa ya kazi za utawala katika vijiji. Tawi lilikuwa mahali pa mkutano, mahali pa mashauri, na mahali pa kuitia watu kazi za kujenga taifa. Mambo mengi yalijengwa wakati ule kwa mikono ya watu wenyewe. Lakini lazima tuseme kweli: katika mpango ule mtu hakuweza kutenganisha vizuri fedha ya chama na fedha ya kijiji, wala amri ya chama na amri ya Serikali. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 ikaziweka serikali za mitaa katika sheria kuu ya nchi, na mwaka 1986 Baraza la Wawakilishi likatunga sheria ya mabaraza ya wilaya na miji. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ikawa hapana budi mamlaka ya tawi na mamlaka ya Serikali yatenganishwe, kila moja likae mahali pake.

Sheria Na. 1 ya mwaka 1998, ya mamlaka ya tawala za mikoa, ilieleza wazi kazi za sheha. Ilimpa kuangalia kwamba sheria za nchi zinafuatwa katika shehia yake. Ilimpa kusuluhisha magomvi ya jamaa na ya majirani kwa kufuata mila na desturi za mahali. Ilimpa kutunza kumbukumbu za ndoa na talaka, na za ruhusa za ngoma, za kusafirisha mifugo na makaa, na ilimpa kujua nani anaingia na nani anatoka. Ikaweka pia baraza la wazee la kumshauri. Mwaka 2014 zikatungwa sheria mpya, moja ya tawala za mikoa na moja ya serikali za mitaa, na shehia ikabaki kuwa ngazi ya mwisho ya Serikali, ile iliyo karibu kabisa na mlango wa mwananchi.

Tazameni basi uzito wa kazi hiyo. Mtu mmoja ndiye msuluhishi, ndiye mtunza kumbukumbu, ndiye shahidi, ndiye mjumbe wa Mkuu wa Wilaya, na tena ndiye anayeitwa wa kwanza mradi wowote unapoletwa. Na mtu huyo hakuchaguliwa kwa kura, sheha huteuliwa. Wako wanaosema afadhali achaguliwe, na wako wanaosema uteuzi unamwepusha na fitina za kampeni. Mjadala huo una mahali pake na watu wake. Sisi twasema jambo ambalo pande zote mbili zaweza kulikubali: kwa kuwa cheo chake kinatoka juu, basi hesabu yake lazima ishuke chini. Aliyechaguliwa huulizwa siku ya kura. Asiyechaguliwa akikosa kuulizwa mkutanoni, hataulizwa mahali popote na watu anaowatumikia.

Tuangalie sasa namna maendeleo yanavyofanyika katika shehia zetu. Kila mtu anayekaa shamba anaijua njia yake. Wazazi huona watoto wamejazana darasani, wengine wamekaa chini. Huitwa mkutano. Kila nyumba hupangiwa mchango, wenye nguvu huchimba msingi, wenye gari huleta mchanga, waliokwenda kufanya kazi mjini hutuma fedha za mifuko ya saruji. Ukuta hupanda mpaka linta. Kisha hungojwa Serikali, au mwakilishi wa jimbo, au mfadhili, atie bati, milango na sakafu. Skuli nyingi za Unguja na Pemba zimejengwa kwa njia hiyo, na pia vituo vya afya na visima. Hii ni sifa kubwa ya watu wetu. Wageni wanaotuandikia vitabu juu ya maendeleo wangetazama namna kijiji kinavyokwenda kikoa katika ujenzi wa darasa, wangejifunza jambo.

Lakini njia hiyo ina mahali pake pa kuvunjika, nasi twapajua. Tuseme nyumba 300 zimechanga shilingi 10,000 kila moja. Hizo ni shilingi milioni 3. Tuseme ukuta umesimama katikati, na fundi hayupo. Mtu wa kwanza atasema fedha zimekwisha. Wa pili atasema saruji imepanda bei. Wa tatu atasema saruji imejengewa nyumba ya mtu. Yawezekana wa kwanza na wa pili ndio wenye kweli, na mtunza fedha ni mtu mwaminifu asiyegusa hata senti moja. Lakini kama hapana daftari lililosomwa, uaminifu wake hautamsaidia kitu. Atasingiziwa, atakaa kimya kwa uchungu, na mwaka ujao akiombwa kuchukua kazi hiyo tena atakataa. Nafasi yake ataichukua mtu asiyejali kusemwa, na mtu asiyejali kusemwa ndiye hasa asiyefaa kushika fedha ya watu.

Hili ndilo jambo ambalo twaomba lifikiriwe sana. Watu wengi hudhani hesabu ya hadhara ni silaha ya kumkamatia mwizi. Ni kweli mwizi haipendi. Lakini faida yake iliyo kubwa zaidi ni kumlinda mwaminifu. Sheha mwenye daftari safi lililosomwa mbele ya watu 200 hana haja ya kuogopa fitina ya barazani, wala barua isiyo na jina. Hana haja ya kutafuta mkubwa wa kumtetea. Watu wenyewe watamtetea, maana waliisikia hesabu kwa masikio yao.

Wala jambo tunalolitaka si geni duniani. Katika nchi ya Ufilipino, ambayo nayo ni nchi ya visiwa na ya wavuvi, ngazi ya mwisho ya serikali huitwa barangay. Jina hilo latokana na balangay, yaani chombo cha baharini, kwa sababu watu wa zamani wa visiwa vile walisafiri chombo kimoja jamaa nzima na wakakaa pamoja waliposhuka pwani. Msomaji wa Mkokotoni na Tumbatu hahitaji kuelezwa maana ya fikira hiyo. Nchi ile ina barangay zaidi ya 42,000, na kila moja ina mkuu wake na wajumbe saba wa kuchaguliwa. Sheria yao ya serikali za mitaa ya mwaka 1991 imeweka kwamba wakaazi wote waliotimiza miaka 15, na waliokaa hapo muda usiopungua miezi 6, ndio mkutano wa barangay. Na kwamba mkutano huo ukutane si chini ya mara mbili kwa mwaka ili kusikiliza habari za kazi na za fedha. Sheria hiyo hiyo yataka sehemu isiyopungua asilimia 20 ya fungu litokalo serikali kuu itengwe kwa maendeleo.

Hatusemi kuwa huko kila jambo ni njema. Uchaguzi wa barangay uliofanywa mwaka 2018 haukufuatwa na mwingine hadi Oktoba 2023, kwa kuwa uliahirishwa tena na tena, na wakubwa wa vijiji wakakaa katika viti vyao kupita muda waliopewa na wapiga kura. Wala sheria ya mkutano haitoshi ikiwa watu hawaendi, au wakienda hawaulizi. Funzo lililoko huko ni kwamba kura peke yake si dawa ya kila ugonjwa, na karatasi ya sheria peke yake si dawa. Dawa ni desturi ya kukutana na kusomeana hesabu, desturi ikishika mizizi hata mtu akaona aibu kuivunja.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Ng'ambo ya pili ya mkondo, Tanzania Bara, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 iliufanya mkutano mkuu wa kijiji, wa watu wote waliotimiza miaka 18, kuwa ndio wenye mamlaka ya juu katika kijiji, na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25 ikapewa kazi ya kutekeleza. Na hapa hapa Unguja tuna mifano miwili iliyo karibu zaidi.

Wa kwanza ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ulioanzishwa mwaka 2012. Katika mpango huo, majina ya jamaa walio maskini hayatoki mfukoni mwa mtu mmoja. Huletwa katika mkutano wa shehia, yakasomwa, na watu wakapata nafasi ya kusema huyu anastahili na huyu hastahili. Manung'uniko hayakosekani, kwani hakuna mgawanyo wa fedha usio na manung'uniko. Lakini mtu akinung'unika, anajua pa kuanzia, kwa sababu majina yalisomwa. Ikiwa watu wetu waweza kukaa na kulijadili jambo gumu na la aibu kama umaskini wa jirani, watashindwaje kujadili mifuko ya saruji?

Wa pili ni mfano wa misitu. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 iliruhusu vijiji kutunza misitu yao kwa mapatano na Serikali. Mradi wa HIMA uliofuata, kati ya mwaka 2010 na 2014, ulieneza mapatano hayo katika shehia nyingi za Unguja na Pemba. Na katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, sehemu ya fedha za viingilio vya wageni imekwenda kwa vijiji vinavyoizunguka, na vijiji vikaitumia kwa mambo ya wote. Mwanakijiji ambaye zamani alimwona kima punju kuwa mharibifu wa shamba lake tu, sasa aliona kuwa msitu una faida inayofika kijijini. Lakini faida hiyo huonekana pale tu hesabu inapoonekana. Fedha ikifika na isisomwe, kwa macho ya mwanakijiji ni sawasawa na fedha isiyofika.

Kwa watu wa Mkokotoni na Tumbatu, msitu wao ni bahari. Ziko kamati za wavuvi, liko eneo la hifadhi ya bahari la Tumbatu, na pwani ya Matemwe wako wanawake waliojishughulisha na kilimo cha mwani tangu kazi hiyo ilipoenea Unguja baada ya mwaka 1989. Kila siku watu hao huambiwa: msivue kwa nyavu hizi, msipite hapa, acheni sehemu hii ipumzike. Maneno hayo ni ya haki, kwani bahari isiyopumzishwa huzaa samaki wachache. Lakini anayeambiwa afunge mkanda ana haki ya kujua nani anakula. Ikiwa kuna ada inayolipwa na wageni wanaopiga mbizi, ikiwa kuna faini inayotozwa wavunja sheria, ikiwa kuna ushuru unaokusanywa dikoni, basi mvuvi aelezwe: kimekusanywa kiasi gani, kimekwenda wapi, kimebaki nini. Mvuvi aliyeelezwa hugeuka mlinzi wa bahari bila kulipwa mshahara. Mvuvi asiyeelezwa hungoja usiku uingie.

Na iko habari ya ardhi, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Katika sheria ya Zanzibar, ardhi ni mali ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Lakini pwani imepanda thamani, na kila siku huja mtu mwenye fedha akitafuta kiwanja. Katika mapatano mengi ya namna hiyo, sheha huitwa awe shahidi. Saini yake ni ndogo, lakini nyuma ya saini hiyo iko njia ya wavuvi kushukia pwani, liko eneo la kuanikia mwani, yako makaburi ya wazee. Jambo la namna hiyo halipaswi kumalizwa na watu watatu chini ya mwembe. Likitajwa katika mkutano wa shehia kabla ya saini kutiwa, ugomvi mwingi utakufa kabla haujazaliwa, na sheha mwenyewe ataepushwa na mtihani wa bahasha.

Twajua majibu yatakayotolewa. Litasemwa kwanza kwamba shehia haina hazina yake, kwa hiyo haina hesabu ya kusoma. Hili si jibu. Hata kama mapato yanakusanywa na baraza la wilaya au na wizara, michango ya wananchi inapita katika shehia, na miradi inasimama katika shehia. Sheha ana haki ya kuliuliza baraza: katika mwaka huu, shehia yangu imetengewa nini? Jibu atakalopewa ndilo atakalolisoma. Na diwani wa wadi, ambaye alipigiwa kura, akae kando yake siku hiyo na aeleze yale yanayomhusu.

Litasemwa pili kwamba watu hawaji mikutanoni. Ni kweli wengi wamechoka kuitwa. Wameitwa kusikiliza hotuba, wameitwa kupiga makofi, wameitwa kutoa mchango. Lakini waiteni kusikiliza matumizi ya fedha yao wenyewe, muone kama hawatakuja. Mkutano upangwe wakati ambao wavuvi wamerudi na wanawake hawamo katika maji ya bamvua wakishughulikia mwani. Wanawake wakae mahali wanapoweza kusikia na kuuliza, kwani mara nyingi wao ndio waliobeba mchanga na mawe kichwani, hali wakati wa hesabu hubakia nyuma. Vijana nao wapewe kazi ya kuandika na kusoma daftari, maana wamesoma, na wengi wao hulalamika kuwa hawapewi kazi ya maana.

Litasemwa tatu kwamba mikutano ya namna hiyo itageuzwa uwanja wa siasa. Hatari hiyo ipo, nasi hatuifichi. Nchi hii imepata kuona majirani wakiacha kuzikana kwa sababu ya vyama. Ndiyo maana wananchi, katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, waliamua kwa wingi wa karibu theluthi mbili kwamba iwepo serikali ya umoja wa kitaifa. Basi roho ya uamuzi ule ifike hata barazani kwa sheha. Darasa halina chama. Kisima hakiulizi kadi. Na barua ya sheha, ambayo mwananchi huihitaji ili apate kitambulisho na haki zake nyingine, ni mali ya mwananchi huyo kwa kuwa anakaa hapo na anastahili. Wala isicheleweshwe hata saa moja kwa sababu ya fulana aliyoivaa wakati wa kampeni. Sheha anayempa kila mtu haki yake kwa kipimo kimoja, ndiye atakayesikilizwa na kila mtu siku atakapoitisha mchango.

Hapa ndipo tunapowageukia wanachama na wafanyakazi wanaolisoma gazeti hili. Ndugu zetu, kazi hii ni yenu kabla haijawa ya mtu mwingine. Mwanachama asidhani kuwa kumuuliza sheha habari ya fedha ni kuiabisha Serikali. Serikali huaibika pale mambo yanapofichwa mpaka yakaoza yakanuka. Kiongozi wa tawi naye akumbuke kuwa tawi si shehia, na shehia si tawi. Historia tuliyoieleza hapo juu yatosha kutufundisha. Tawi lina haki ya kushauri na kuhimiza, lakini halina haki ya kulitia daftari la kijiji katika kabati lake.

Na mfanyakazi, awe mwalimu katika skuli, mkunga katika Hospitali ya Kivunge, karani wa ofisi ya mkoa, dereva wa daladala au mhudumu wa hoteli ya Nungwi, ana elimu ambayo kijiji chake chaihitaji. Mwalimu aweza kumwonesha mtunza fedha namna ya kupanga safu mbili, ya mapato na ya matumizi. Karani aweza kueleza stakabadhi ni nini na kwa nini isitupwe. Mhudumu wa hoteli ameona namna mwenye hoteli anavyohesabu kila kijiko kila jioni. Kwa nini kijiji kisihesabu mifuko yake ya saruji? Kujitolea si kushika jembe peke yake. Yule anayekaa saa mbili usiku kuliweka sawa daftari la kamati ya skuli, naye amejenga taifa.

Kwa masheha wenyewe twasema kwa heshima: hatuwatuhumu. Wengi wenu mnafanya kazi isiyo na saa, mnaamshwa usiku kwa ugomvi wa mume na mke, na lawama huwafikia kabla ya shukrani. Jengeni ngome yenu wenyewe. Nunueni daftari moja lenye jalada gumu. Andikeni tarehe, jina, kiasi, na kazi iliyofanywa. Wekeni stakabadhi katika faili. Kila robo ya mwaka baraza la wazee wa ushauri lilikague na litie saini. Kisha mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za masika na baada ya mavuno, isomwe hesabu yote mbele ya watu, na karatasi yake ibandikwe sokoni, dikoni, msikitini na skulini.

Na kwa wakubwa wa wilaya na mkoa twasema: msingoje mpaka iletwe sheria nyingine. Sheria zilizopo hazimkatazi sheha kusoma hesabu. Toeni agizo, kisha nendeni mkahudhurie wenyewe mikutano ya kwanza. Mkuu wa Wilaya akikaa chini ya mti akasikiliza hesabu ya shilingi milioni 3 kwa makini ile ile anayoisikilizia bajeti ya baraza zima, kijiji kitajua kuwa jambo hili si mchezo.

Mkokotoni ni mahali pazuri pa kuanzia. Watu wake wanajua chombo ni nini. Wanajua kuwa abiria hamfundishi nahodha kushika usukani, lakini maji yakiingia ndani, kila mtu aliyemo ana haki ya kuuliza yanaingilia wapi, na kila mtu ana wajibu wa kushika upo ayakumbe. Shehia nayo ni chombo hicho. Basi kabla mwaka huu haujaisha, na isikike huko Mkokotoni, na Gomani, na Jongowe, na Matemwe, na Nungwi, sauti ya mtu aliyesimama mbele ya wenziwe, daftari mkononi, akisema: hiki ndicho mlichotupa, hiki ndicho tulichokitumia, na hiki ndicho kilichobaki.